Mkunjo wa Mwalimu

Mimi pua yangu haijawahi kunidanganya. Siku niliyoshuka kwenye mji ule ilinionya mapema. Lakini nani anaisikiliza pua wakati ana mabinti wawili wanaolala sebuleni kwa wifi?

Nianzie hapo kwa wifi, maana bila wifi hakuna safari. Hospitali niliyokuwa naipigia pasi mashuka ilinunua mashine mpya, sisi watu wa mikono tukaambiwa asanteni kwa kazi nzuri. Kodi ikatushinda, tukahamia kwa dada wa mume wangu "kwa muda". Muda ukaota mizizi. Kila asubuhi lazima godoro letu liwe limesimamishwa nyuma ya mlango kabla wifi hajatoka kunywa chai, maana hataki mgeni akute sebule yake imekuwa wodi. Sukari akaihamishia chumbani kwake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini wifi yangu hana habari na wahenga, yeye alitamka: mwisho wa mwezi mwanawe anaoa, bibi harusi anakuja kuishi pale, sebule inahitajika. "Sina ubaya na nyie," akasema huku anapuliza chai yake. "Ila mjipange."

Ndipo mdogo wangu wa kiume akapiga simu. Huyu nyumbani tunamwita Tajiri, si kwa mali, kwa mdomo. Ana miaka mingi kwenye huo mji unaokua, dereva wa gari la kampuni inayofulia mahoteli.

"Dada, unangoja nini huko? Huku kazi zinaokotwa! Hoteli zinaota kama uyoga. Nafasi ya pasi ipo, tena na chumba cha kampuni juu yake, hulipi kodi. Beba familia uje."

Mume wangu ni fundi baiskeli, mtu mpole mpaka anaudhi. Alitaka tufunge mizigo siku ileile. Nikamwambia thubutu. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nitaenda kwanza peke yangu, hicho chumba nikione kwa macho yangu, hiyo pasi niishike kwa mkono wangu, nikiridhika ndipo nitawaita. Akakubali. Mabinti wakaanza kugombania nani atalala upande wa dirisha katika chumba ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Tajiri alinipokea stendi na gari la kazi. Lo! Alipofungua mlango wa nyuma niweke begi, harufu ilinipiga kofi. Mashuka machafu ya kwenda kufuliwa yametupwa sakafuni, masafi ya kurudishwa hotelini yametupwa juu yake, na katikati ya yote limelala tairi la akiba.

"Mbona umechanganya?" nikamuuliza.

"Dada nawe! Yote si mashuka?"

Nikakaa mbele nimelipakata begi langu. Sikutaka liguse kitu.

Mji wenyewe unakua, sikatai. Kila unapotupa jicho kuna ghorofa linapanda, na chini yake watu wanakula wamesimama kwenye vumbi la saruji. Tulipita hoteli moja ya vioo mpaka juu. Mbele ya vioo hivyo kulikuwa na mtaro wazi, maji ya kijani yenye povu, na nepi ya mtoto inaelea taratibu, haina haraka ya kufika. Mlinzi wa hoteli amesimama kando yake na glavu nyeupe, anasalimia wageni. Nikaziba pua. Tajiri akacheka.

"Utazoea," akasema.

Nililichukia neno hilo palepale. Mtu akikuambia utazoea, ujue kuna kitu kichafu anataka ukimeze. 

Tukaenda moja kwa moja kwenye chumba. Kilikuwa nyuma ya kiwanda cha kufulia, kwenye nyumba ndefu ya wafanyakazi, milango imepangwa mmoja baada ya mwingine. Tajiri akatoa ufunguo mfukoni, akafungua bila hata kubisha hodi. Mlangoni kuna ndala za mtu. Juu ya jiko kuna sufuria, nikaigusa, bado ina joto.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Kazini. Huyo anahama, anarudi kwao wiki hii. Ingia, unaogopa nini?"

"Anajua kama tunaingia?"

"Dada, chumba ni cha kampuni. Ingia."

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikaingia, na jamani, sitaki kusema uongo, kilikuwa kizuri. Ukuta mkavu. Sakafu inang'aa. Madirisha mawili, moja linatazama uani ambako kuna bomba la maji. Nilikuwa nimejiandaa kukunja uso, uso ukakataa kukunjika. Nikanyoosha mkono kupima, kitanda cha mabinti kingekaa hapa, sisi tungelala pale, pazia lingepita katikati. Hakuna godoro la kusimamisha nyuma ya mlango. Hakuna mtu wa kuficha sukari.

Kwenye rafu nikaona nguo na mashuka ya huyo mwenye chumba. Nikasogea. Yalikuwa yamekunjwa mkunjo ambao sijapata kuuona: umbo la bahasha, ncha ya mwisho imechomekwa ndani, hakuna pindo hata moja linalochungulia. Rafu nzima hivyo. Sisi watu wa pasi tunajuana kwa mkunjo, na huyu, nikasema moyoni, huyu anajua kazi.

"Njoo uone dirisha la pili," Tajiri akasema. Dirisha lilikuwa limezibwa na shuka lililoanikwa kwenye kamba ndani ya chumba. Mtu mzima ovyo, akalivuta, akalirusha kitandani likaanguka rundo. Alipokuwa anahangaika na kitasa cha dirisha, nikalichukua lile shuka nikalikunja, nikaliweka upande wa miguuni. Sikuwaza. Mimi siwezi kukaa chumba kimoja na shuka lililorundikwa, naona kama mtu ameacha chakula wazi.

Jioni mume wangu akapiga simu. "Chumba kikoje?"

"Kizuri," nikamwambia. "Usiwaambie watoto kitu. Ngoja kesho niione kazi."

"Nimeshawaambia," akasema.

Nililala kwa Tajiri, kwenye kochi. Taulo alilonipa lina nembo ya hoteli moja, shuka lina nembo ya hoteli nyingine, hata kitambaa cha kufutia meza kina nembo. Nikamuuliza haya yote yametoka wapi. Akasema yalipotea njiani. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye njia! Nikajifunika kanzu yangu mwenyewe ya kulalia mpaka kichwani, maana shuka lile lilikuwa linanuka kichwa cha mtu nisiyemjua.

Asubuhi akanipeleka kazini. Msimamizi wa pale wanamwita Marashi, na usidhani ni kwa sababu ananukia vizuri. Ananing'iniza chupa ya kupulizia kiunoni kama askari na bunduki yake. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Kaka yako anasema unajua pasi."

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Na pasi naijua."

"Sawa. Hapa tuna mkunjo wetu, hoteli zinaupenda. Wageni wakiuona tu wanajua shuka ni safi. Kuna mama pale atakufundisha. Ukishaushika, niite, mengine tutaongea." Akapunguza sauti. "Usiongee naye sana. Mkaidi."

Mama huyo wanamwita Mwalimu, kwa sababu karibu wote walioshika pasi pale kawafundisha yeye. Mtu mzima, mfupi, mikono ina makovu ya kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Akanisogezea kigoda, akanionyesha maji ya kunywa yako wapi, akanionya pasi ipi inauma. Kisha akageuka kuchukua shuka kwenye meza yake, nami nikaiona meza.

Bahasha. Mashuka yamepangwa mpaka usawa wa kidevu, kila moja bahasha, ncha imechomekwa ndani.

 Nikajiambia labda wote hapa wanakunja hivyo. Nikatazama meza za wenzake. Wapi! Wao walijitahidi, lakini pindo zilichungulia. Mkunjo ule ulikuwa wa mtu mmoja.

"Hujambo kweli?" Mwalimu akauliza. "Umebadilika rangi."

"Ni joto, mama."

"Utazoea." Lakini yeye alilisema kwa huruma. Akaanza kupiga pasi huku anapiga soga. "Mimi jana nimeingiliwa na mwizi, hebu fikiria. Mwizi wa ajabu! Nimerudi nyumbani, mlango umefungwa kama nilivyouacha, hakuna kilichoibiwa. Ila shuka nililoacha kwenye kamba nimelikuta kitandani, limekunjwa. Tena limekunjwa vizuri! Mwizi gani huyo anayekuja kukusaidia kazi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema ni jini lililosomea udobi. Mimi nikacheka pia, sijui kicheko kilitoka wapi, kilikuwa kibaya.

"Ananichelewesha tu huyo mwizi," Mwalimu akaendelea. "Mwezi ujao binti yangu anakuja kujifungulia kwangu. Nataka nipake rangi kabla mtoto hajafika. Kimoja hicho chumba, lakini tutabanana."

Kwa hiyo hahami. Hajui kama anahama. Na mimi nilikuwa nimesimama jana katikati ya chumba chake, nimenyoosha mkono, nawapimia mabinti zangu mahali ambapo binti yake angejifungulia.

"Haya mgeni, jaribu," akasema, akanipa shuka.

Ole wangu! Mkunjo wangu mimi ni wa hospitali. Nakunja mara tatu, na ncha moja naiacha nje kama ulimi, ili nesi aivute mara moja shuka lifunguke. Nimefanya hivyo mpaka mikono haiulizi kichwa. Nikikunja hivyo hapa, najifunga mwenyewe, maana ndivyo nilivyolikunja lile la jana. Basi nikakaza macho kwenye mikono ya Mwalimu, nikafuata kila kitu alichofanya, na kwa ile hofu tu nikaipata bahasha mara ya kwanza. Safi. Ncha ndani, pindo halionekani.

Mwalimu akaliinua, akaligeuza huku na huku. "He! Wewe si mgeni wa hii kazi. Kuna watu hapa nimewafundisha mwaka mzima hawajafika hapo." Akafurahi kweli. Furaha yake ilinichoma.

Kisha pasi ikaniletea jingine. Pasi ni mbea, ujue. Kitu kikiwa na siri, ukikipitishia moto kinasema. Nilipoweka pasi kwenye shuka la pili, mvuke uliopanda haukuwa wa sabuni. Ulikuwa jasho. Jasho la mtu, na miguu, na mafuta ya nywele, na juu yake yale marashi matamu ya kwenye chupa. Nikaliinua shuka kwenye mwanga. Nywele mbili. Na kwenye pindo, Mungu nisamehe, ukucha. Ukucha mzima wa kidole gumba cha mguu, uliokatwa, wa manjano.

Nikarudi nyuma nikauziba mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Yale yasiyo na doa la kuonekana, Marashi hayapeleki kwenye maji. Anapulizia, yanakuja hapa yapigwe pasi, yanarudi hotelini. Usiku huo huo yanalaliwa na mgeni mwingine. Mimi nayarudisha yakaoshwe. Kila siku tunagombana." Akalichukua lile shuka langu akalitupa kwenye kapu la nyuma. "Mkunjo wangu haufungi uchafu. Nimemwambia hivyo mbele ya watu."

Hapo sasa nikaelewa yote, na kichefuchefu kilichonipata hakikuwa cha ukucha tena. Walitaka mkunjo, mama mwenyewe hawamtaki. Wampate mtu mwenye shida, asiyeuliza, afundishwe na yuleyule anayefukuzwa, kisha huyo mtu afunge jasho la watu ndani ya bahasha nzuri. Mtu huyo ni mimi. Na aliyenichagua ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa nguo yangu.

Niliendelea kufanya kazi. Ningefanya nini? Nikapewa foronya, kitu kidogo tu, na akili yangu ilikuwa mbali. Mikono ikafanya mambo yake. Nilipoiweka mezani, nikaiona: mara tatu, na ncha moja nje, kama ulimi.

Nikanyoosha mkono kuikunjua. Nilichelewa. Mwalimu alikuwa anaitazama.  Akaweka pasi yake wima, akachukua shuka kubwa la kitanda cha watu wawili, lile ambalo halikunjiki na mtu mmoja.

"Shika huku," akasema.

Nikashika ncha mbili, yeye mbili. Tukalivuta likanyooka. Ukikunja shuka kubwa lazima mkutane katikati, mkono kwa mkono, huna pa kukimbilia. Tukaendeana, mikono ikagusana.

"Mwizi wangu ni wewe," akasema taratibu, macho yake kwenye macho yangu.

Tukarudi nyuma, tukavuta, tukaendeana tena.

"Niliambiwa unahama," nikasema.

"Nahamia wapi?"

 Tukakunja. Uso wake haukuonyesha kitu kwa wenzake, ila vidole vilikuwa vimelibana pindo.

"Umekuja kunipimia kaburi ningali napumua," akasema tulipokutana mara ya tatu. "Tena nimekupa kigoda."

"Mama, na mimi nina watoto. Wanalala sebuleni kwa watu."

"Na wangu anakuja na tumbo mbele. Tufanyeje sasa? Tushikane nywele hapa, Marashi aangalie?" Akavuta shuka kwa nguvu. "Aliniambia nimfundishe msaidizi. Msaidizi! Haya, shika vizuri hiyo ncha. Kama unauchukua mkono wangu, usiuchukue vibaya."

Afadhali angenitukana. Afadhali angenimwagia maji ya moto. Alichomeka ile ncha ya mwisho ndani polepole, ili nione vizuri, ananifundisha kumfukuza. Nilijichukia, nikamchukia Tajiri, nikauchukia na uzuri wa kile chumba.

Marashi akatokea, chupa inaning'inia. Nyuma yake Tajiri, meno nje, amekuja kuona dada yake anavyong'ara.

"Vipi, ameshika?" Marashi akamuuliza Mwalimu.

Mwalimu akainamia pasi yake. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli ungemkata yeye mwenyewe. Marashi akachoka kungoja, akanirushia shuka. Lilikuwa limetoka kwenye chupa yake sasa hivi, bado bichi kwa marashi, na katikati lina alama ya mtu alivyolala.

"Kunja nione."

Nikawaona mabinti zangu wanagombania upande wa dirisha. Nasema kweli, niliwaona. Nikamwona wifi anapuliza chai. Kisha nikakunja. Mara tatu, ncha nje.

"Sio hivyo," Marashi akasema. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nikalipotosha pindo, upande mmoja ukawa mrefu. Nikarudia tena, likatoka rundo, Tajiri mwenyewe angekunja vizuri kuliko pale. Wale wa meza nyingine wakaanza kucheka chinichini.

"Huyu umeniletea wa nini?" Marashi akamgeukia Tajiri. "Hata kukunja shuka hajui! Wewe mama, kwenu mnalala juu ya majani?"

Nilihisi masikio yanaungua. Mimi! Mimi ambaye madaktari walikuwa wanauliza shuka hili kalipiga pasi nani, mimi nimesimama mbele ya mwanamume anayenuka waridi la chupa, naambiwa sijui kukunja. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, nimpe moja la kumfaa. Nikalimeza. Nikasema, "Mkono wangu mzito, baba. Siwezi."

Mwalimu alinitazama. Yeye ndiye peke yake pale aliyeiona ile bahasha yangu ya kwanza. Midomo ikamcheza kidogo, kisha akapandisha sauti chumba kizima kisikie.

"Huyu hafai kabisa! Tangu asubuhi nahangaika naye. Kuna mikono haifundishiki, mwaka huu wala ujao." Akalinyakua lile shuka mikononi mwangu, akalinusa mbele ya Marashi, akamkabidhi kifuani. "Na hili halijaoshwa. Likaoshwe."

Marashi akafungua mdomo. Gari la hoteli lilikuwa linapiga honi nje, na mkunjo unaopendwa na hoteli alibaki nao mama mmoja. Akalichukua shuka. Akaondoka nalo, anasonya.

Nilipokuwa navua aproni, Mwalimu alipita karibu yangu kufuata maji. Hakusimama. "Ile ncha yako ya nje," akasema bila kunigeukia, "ni ya hospitali?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Jana nililifungua shuka langu kwa mkono mmoja."

Tajiri alinirudisha stendi anapiga usukani kwa ngumi. Nimemwaibisha. Nimemkosesha gari jipya aliloahidiwa na Marashi akinileta. Ananitafutia maisha, nami naleta ushamba. Nilimwacha aseme mpaka alipofika kwenye "yule mama alikuwa anaondoka tu, kama si wewe ni mwingine". Hapo nikamwambia asimamishe gari. Akasimamisha kando ya ule mtaro, mbele ya vioo, na yule mlinzi mwenye glavu. Nikafungua mlango nikatapika. Nilipomaliza nikamwambia, "Hayo matapishi ni yako." 

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, mdomo wa Tajiri hausubiri basi. Wifi alinipokea mlangoni, mikono kiunoni, kicheko kimemjaa mashavuni.

"Karibu, mama wa mjini! Tumesikia hujui hata kukunja shuka. Ptuu, yarabi! Basi siku zote hizo hospitalini ulikuwa unawafunika wagonjwa na nini?"

"Magunia, wifi," nikasema, nikapita.

 Mabinti walikuwa wamekalia begi lao, lile walilolipanga bila kuambiwa, na mdogo akaanza kulifungua taratibu na kurudisha vitu vyake vilipokuwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko Marashi na wifi wote.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, kama kawaida, kuondoa wodi kwenye sebule ya watu. Mume wangu akasimamisha godoro. Mimi nikachukua shuka letu, kuukuu, limepauka, nikalikunja. Nilipolimaliza nikaliweka juu ya begi. Yeye akabaki amelishika godoro, analitazama lile shuka. Hana maneno mengi, lakini mikono yangu anaijua. Aliona bahasha, ncha imechomekwa ndani, hakuna pindo linalochungulia.

Akafunga mlango wa chumbani kwa wifi vizuri, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini.

"Na kile chumba, kilikuwa na ubaya gani?"

"Hakina ubaya," nikamwambia. "Kina mtu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaliegemeza godoro nyuma ya mlango, akavaa viatu, akasema anaenda kibandani kwake anakotengenezea baiskeli, kuondoa matairi yaliyojaa kwenye kona, aone kama godoro linaweza kuingia.